Jirani Asiyeitikia Salamu

Eda yangu ilikwisha siku ya Jumatano, na wiki tatu baadaye nilikuwa bado sijavuka kizingiti cha mlango wangu. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani kama sheria inavyotaka, na watu walikuwa wakija, wakisoma dua, wakiniletea chakula, wakiondoka. Siku ilipotimia nilikoga, nikavaa nguo zangu za kawaida, wanawake wa mtaa wakanifukiza udi, kisha kila mmoja akarudi kwake. Ndipo nilipojua kuwa siwezi kutoka. Nikishuka ngazi mpaka ukumbini na kushika komeo la mlango, mikono inaniingia baridi, kifua kinabana kama mtu aliyefungwa kanga kwa nguvu. Narudi juu. Nalala.

Nilikuwa nimesomesha darasa la pili kwa miaka ishirini na mbili katika skuli moja ya mjini. Mwalimu mkuu alinipigia simu kuuliza nitarudi lini, nikamwambia mgongo unanisumbua. Mgongo wangu haukuwa na lolote.

Nyumba yetu iko ndani kabisa ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye mizigo hawapishani. Ubavuni mwake pana ujia mwembamba usiopenya popote, mtu mnene haingii, na ng'ambo ya ujia huo ndipo ilipo nyumba ya jirani yangu. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mjane wa siku nyingi, hakujaaliwa mtoto, akiishi peke yake kwa kushona kofia za mkono. Milango yetu yote miwili inatazama kichochoro. Kutoka barazani kwangu hadi barazani kwake ni hatua kumi.

Lazima niseme palipotokea ugomvi wetu naye. Miaka mitatu kabla ya kufariki, mume wangu alibadilisha bati la nyumba yetu na kuweka mlizamu mpya, yaani lile bomba la kuteremshia maji ya mvua, na akauelekeza kwenye ule ujia. Mvua ikinyesha, maji yote ya bati letu yalimwagika kwenye tako la ukuta wa jirani. Nyumba za huku ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinakunywa maji kama sifongo. Jirani alikuja kulalamika kwa adabu mara mbili. Mara ya tatu alikuja kwa hasira. Mume wangu alikuwa amekaa barazani na wenzake. Alimwambia kuwa maji ni ya Mungu na hayana budi kwenda mahali. Yule mwanamke akamjibu, "Ni ya Mungu mpaka yafike kwenye bati lako. Yakitoka hapo ni yako."

Watu walicheka, na mume wangu akachukia kuchekwa. Akamwambia maneno ambayo mwanamume hamwambii mwanamke aliye sawa na mama yake. Nilimpenda mume wangu, na bado nampenda, lakini sitamtengenezea maneno mengine. Miye nilikuwa dirishani juu. Nilisikia yote, nikafunga dirisha.

Tangu siku hiyo hawakusemezana tena, na kwa kuwa mimi ni mke wa mume wangu, na mimi nikanyamaza. Alipofariki, watu walikuja kutoka Makunduchi na kutoka Mkokotoni. Yeye, wa hatua kumi, hakuja. Hakuja siku ya maziko wala kwenye hitma. Katika eda yangu yote sikusikia hodi yake. Nililiweka jambo hilo moyoni, na kila asubuhi nilikuwa nikiamka nalo.

Aliyekuja kunitikisa ni mdogo wangu, anayelima mwani upande wa kusini. Alifika na kikapu cha viazi vitamu, akanikuta kitandani saa nne ya asubuhi, madirisha yamefungwa. Hakunipa pole. Alifungua madirisha yote, akapiga deki chumba, akanikalisha kwenye kiti na kunisuka nywele, na katika kunisuka akaniambia anachotaka. Alitaka kila siku nifungue mlango mara moja, nimsalimu mtu mmoja, nifunge. Basi. Nilimwambia hayo ni mambo ya vipindi vya redioni. Akavuta msuko kwa nguvu.

"Mie nikiwa na moyo mzito naingia majini na wenzangu," alisema. "Kabla sijafunga hata kamba moja ya mwani, namuuliza wa pembeni yangu kaamkaje. Sifanyi kwa uzuri wangu, dada. Nafanya kwa sababu nikikaa kimya naanza kuyaangalia yale maji vibaya."

Sikujua kuwa mdogo wangu aliwahi kuyaangalia maji vibaya. Kabla hajaondoka niliahidi.

Asubuhi ya kwanza nilisimama nyuma ya mlango nadhani robo saa. Nilisoma dua ninazozijua. Nikavuta komeo, nikafungua, mwanga ukanipiga usoni, na katika kichochoro kizima mtu aliyekuwapo alikuwa mmoja tu: jirani yangu, ameinama anafagia baraza lake.

Ningeweza kufunga. Lakini ahadi ilikuwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ndiye huyo.

"Shikamoo, Bi," nilisema.

Ufagio ulisimama. Hakuinua kichwa. Kisha ukaendelea, shwa, shwa, mpaka akamaliza, akaingia ndani na kufunga mlango.

Asiyekaa kwetu huenda asijue uzito wa jambo hilo. Mtu anaweza kuwa na adui na bado akaitikia shikamoo, kwa sababu salamu ni ya Mungu kabla ya kuwa ya mtu. Nilifunga mlango nikakaa chini ukumbini kwa hasira. Lakini nikiwa pale chini nikagundua kitu: kwa mara ya kwanza tangu mume wangu afariki nilikuwa nina hamu ya kesho ifike. Nilitaka nimsalimu tena anikatae tena, nipate ushahidi.

Kwa hiyo sitajisifu. Nilianza kwa ukaidi, si kwa wema. Kila asubuhi nilifungua mlango, nikasema shikamoo, nikanyimwa marahaba. Siku ya nne, kwa kuwa nilikuwa nimeshatoka na sikutaka aone nimekimbia, nilimwaga maji kwenye baraza langu na kulisugua. Siku ya sita nilitembea mpaka pembeni, kwenye njia panda, ambapo hukaa mwanamume mmoja muuza kahawa, mchechemeaji. Miaka yote nilimpita bila kujua ana nini mguuni. Siku hiyo nilimuuliza. Akanieleza habari ya kuanguka kwenye mkarafuu alipokuwa kijana, na alipomaliza alinishukuru kwa kumuuliza, akanimiminia kikombe. Nilirudi nyumbani mikono haina baridi.

Siku ya tisa nilipika mkate wa kumimina, nikaweka nusu kwenye bakuli la udongo, nikaliweka juu ya baraza la jirani, nikapiga hodi na kuondoka. Alasiri nilikuta bakuli barazani kwangu. Limeoshwa, limekauka, tupu. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Hata ukikosa kitu unatia chumvi. Nililishika lile bakuli nikajiambia kuwa sasa basi, mdogo wangu asinidai zaidi ya hapo.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango kwa mazoea tu, na mdomo ukasema wenyewe.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba," alisema. Alisema akitazama chini, kama mtu anayejisomea, na akaingia ndani haraka.

Nilitamani kumwita. Badala yake nilikwenda juu, nikavaa, na wiki hiyo hiyo nikarudi skuli.

Ni kwa sababu ya kutoka ndipo nikauona ufa. Lau ningebaki ndani nisingeuona kabisa. Nilikuwa natoka skuli, masika yameanza, mvua ya kwanza kubwa imekatika punde, na maji ya mlizamu wetu bado yanamiminika kwenye ujia. Sijui kwa nini niligeuza shingo. Ukuta wa jirani ulikuwa umepasuka kuanzia chini mpaka karibu na dirisha la juu. Nilijibana nikaingia, nikatia kidole. Kiliingia chote. Nilipokitoa, chokaa ilinifuata, imelowa kama unga wa ngano ulioanza kukandwa.

Nilipandisha macho nikautazama ule mlizamu. Kisha nikatoka kwenye ujia nikijipangusa, nikiangalia kama kuna aliyeniona.

Siku mbili sikumwambia mtu. Hilo ndilo jambo ninaloona haya nalo kuliko yote katika habari hii. Nilikuwa nikimsalimu asubuhi, naye akiitikia, sasa hata akiinua kichwa, na mimi najua kuwa kwenye ubavu wa chumba chake cha kulala kuna ufa wa kuingia kidole. Kusema ingekuwa kukiri kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkweli, na mume wangu, mbele ya wenzake, alimtukana mkweli. Marehemu hana wa kumtetea ila mkewe. Niliyasema hayo moyoni kwa siku mbili, na mvua ikanyesha siku zote mbili.

Siku ya tatu nilimwita fundi. Alipanda, akauhamisha mlizamu ukaelekea kwenye mtaro wa kichochoroni. Kazi ya saa moja, ambayo ingefanyika miaka mitatu nyuma. Kisha akaingia kwenye ujia, akagonga ukuta hapa na pale kwa mpini wa nyundo, akasikiliza. Alipotoka sura yake ilikuwa imebadilika.

"Mwalimu, bomba nshalihamisha," alisema. "Lakini ukuta huu ushakunywa sana. Na umeinamia ndani. Mwenyewe asilale humu hata leo."

Nilikwenda nikapiga hodi. Alinifungulia yeye mwenyewe, na nikaingia katika nyumba ile kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Tulipanda chumbani kwake, nikamweleza aliyoyasema fundi. Akanisikiliza, akaniambia anaujua ufa huo tangu mwaka juzi, ulikuwa mwembamba kama unywele, akauona ukikua kama mtu anavyoona mtoto wa jirani anakua. Watu wa idara inayohusika na majumba walishawahi kuja wakamwambia ahame. Alikataa. Aliwaona wenzake waliohamishwa kwa muda. Nyumba zao zikafungwa kwa misumari, nao wakafia kwa watu.

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Wangu na wa mume wangu.

"Wako nnaupokea," alisema. "Wa mumeo ulikuwa auombe mwenyewe."

Nikamuuliza, kwa sauti niliyojitahidi isipande, kama ndiyo sababu hakuja kwenye maziko. Aliendelea kupitisha sindano kwenye kofia aliyokuwa akishona, tundu baada ya tundu. "Sikuja kwa sababu yeye alikufa, hasira yangu haikufa," alisema. "Ningekuja na hasira mbele ya maiti? Nilikaa hapa hapa nikasikia mnalia. Usidhani ilikuwa raha."

Nilimwomba ahamie kwangu, chumba kipo. Akakataa. Chini ya bati lile, alisema, hatalala. Nikamwomba aende Mkokotoni kwa mtoto wa ndugu yake. Akasema nyumba ya yule ina watoto saba na chumba kimoja cha wageni kinachovuja. Huku tunazungumza mvua ikaanza tena, kubwa, na katika mvua ile nikasikia sauti ndogo ndani ya chumba, kama mtu anayechekecha mchele. Ilikuwa chokaa. Ilikuwa inashuka ndani ya ukuta, polepole, haionekani.

Nilikuwa naogopa. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha, na kitu kilichobaki ni kimoja. Nilivua viatu, nikakaa kwenye mkeka, nikaegemea kitanda chake.

"Wafanya nini?" aliniuliza.

"Nnakaa."

"Rudi kwako."

"Ukitoka na miye nitatoka."

Akasema nina wanafunzi wananingoja. Nikasema watangoja. Akasema nina wazimu wa ujane, atampigia simu mdogo wangu aje anichukue. Nikampa simu yangu. Hakuichukua. Tulikaa hivyo, yeye anashona, mimi nahesabu boriti za dari ili nisisikilize ukuta. Boriti zilikuwa kumi na nne. Nilizihesabu tena na tena. Kipande cha lipu kikubwa kama sahani kikabanduka juu ya dirisha, kikaanguka, kikapasuka baina yetu. Mimi nilipiga ukelele. Yeye alikitazama, akachoma sindano kwenye kofia, akasimama kwa kushikilia ukingo wa kitanda.

"Kufa kwangu ni shauri yangu," alisema. "Kukuua wewe sikuambiwa."

Tulishuka. Alichukua Msahafu wake, mfuko wa kofia, na nguo alizokuwa nazo. Kwa hasira alikataa nimshike mkono ngazini.

Ningependa kusema kuwa baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Kwangu, alikoingia kwa kukosa pengine, alikaa kwenye kiti akitazama ukuta kwa siku mbili. Chai yangu ilikuwa na tangawizi nyingi, kitanda changu kigumu, na picha ya mume wangu pale ukumbini aliigeuzia kisogo kila alipopita. Sikuitoa picha. Yeye hakuniomba niitoe. Nilikuwa nikirudi kutoka skuli kila siku nikiwa na wasiwasi wa nitakachokikuta, na jioni tulikula kimya kama watu waliolazimishwa kuoana.

Siku ya tatu, Alhamisi, nilirudi baada ya adhuhuri nikakuta kiti ni kitupu. Msahafu haupo. Viatu vyake havipo. Sikufunga hata mlango wangu. Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa.

"Bi!" niliita nikiwa kizingitini. Niliita mara ya pili na ya tatu. Kwenye ngazi palikuwa na vumbi jeupe ambalo asubuhi nilipochungulia halikuwapo, na juu ya vumbi hilo nyayo zinapanda. Hapakuwa na nyayo zinazoshuka.

Niliita mara ya nne.

"Naam," alijibu. Sauti ilitoka juu, upande wa chumba chake.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema amekuja kulala kidogo kitandani kwake. Kwangu tangu afike hajapata usingizi. Alisema hivyo kwa aibu, kama mtoto. Kisha akasema jambo jingine, na safari hii sauti ilikuwa na kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Mlango umebana. Nnauvuta hauji."

Nilipanda. Sikufikiri, nilipanda. Mlango wa chumba ulikuwa umekaa upande. Ukuta ulishuka ukaubana kwa juu, na mbao za fremu zilikuwa zimepinda zikitoa milio midogo. Nilisukuma kwa bega. Ulisogea upana wa kidole, nikaliona jicho lake kwenye nafasi ile, na ukagoma. Nikamwambia akae mbali na dirisha. Nikashuka mbio mpaka njia panda, mtandio umenivuka kichwani, na sikumwambia muuza kahawa zaidi ya maneno mawili au matatu. Aliacha dele lake la kahawa motoni, akaacha na wateja wamekaa, akanifuata akichechemea kwa kasi ambayo sikujua anayo.

Sitaki kuifanya kubwa. Tulikuwa watu wawili tunasukuma mlango. Yeye aliweka mgongo, akaegemeza mguu mzima kwenye ukuta wa ngazi, akaniambia tusukume pamoja akitaja jina la Mungu. Mara ya kwanza haukwenda. Mara ya pili mbao ya juu ilikatika na vumbi likatuangukia machoni. Mara ya tatu mlango ulifunguka kiasi cha mtu mwembamba kupita, na jirani yangu, namshukuru Mungu, ni mwembamba. Alipita ubavuubavu na Msahafu kifuani. Muuza kahawa akamgeuzia mgongo, akainama, akambeba kama wanavyobebwa watoto, na tukashuka ngazi moja moja, mimi mbele nikiwa nimenyoosha mikono nyuma ili wakianguka waniangukie mimi.

Tulifika njia panda. Tulimkalisha kwenye benchi la wateja wa kahawa. Mtu mmoja akampa maji, akanywa kidogo, kilichobaki akanawa uso. Nilikuwa nimeanza kumgombeza. Nakumbuka nilikuwa katikati ya neno. Ardhi ikatetemeka chini ya miguu, ukaja mshindo mzito usio na mwangwi, na wingu jeupe likatoka kwenye kichochoro chetu likatufunika sote pale. Watu walikuwa wamesimama na vikombe mkononi, weupe kuanzia nywele mpaka viatu.

Ukuta wa ujiani ulianguka wote, kwa ndani, pamoja na sakafu ya chumba chake. Kitanda tulikiona baadaye kiko chini, kimekunjika. Hakuumia mtu. Nyumba yangu ilipata mikwaruzo tu.

Usiku huo, na siku zilizofuata, Bi hakulia. Aliyelia ni mimi, darasani, mbele ya watoto arobaini, siku ya Jumatatu, walipokuwa wakiimba hesabu ya kuzidisha kwa tatu. Mtoto wa kike wa mstari wa mbele akaja akaniwekea mkono juu ya paja na kuniambia, "Pole Mwalimu," kisha akarudi mahali pake na hesabu ikaendelea. Nilimaliza kipindi.

Miezi sita sasa tuko pamoja. Nyumba yake imeegemezwa kwa boriti, na wanaohusika wanasema itajengwa upya. Yeye haamini, mimi naamini siku nyingine. Bado anasema chai yangu ina tangawizi nyingi. Asubuhi mimi ndiye ninayesema shikamoo kwanza, na yeye hujibu kwa sauti ya kawaida, halafu ananitajia kitu nilichokosea jana. Nikirudi kutoka skuli namsomea daftari za watoto na yeye anacheka makosa yao. Siku nikiwa na moyo mzito, kwa sababu bado zipo, ananituma. Ananituma nikamnunulie uzi ambao hauhitaji, au nikamwangalie mama fulani mtaa wa pili ana homa, nimuulize tu amelalaje. Naujua ujanja huo. Nakwenda, na nikirudi nimerudi mwepesi kuliko nilivyotoka. Alasiri muuza kahawa akifunga kazi hupita kutusalimu, na Bi keshamshonea kofia, akamwambia asithubutu kusema asante.

Juu ya mume wangu hatukusema neno mpaka Ijumaa moja ya mwezi uliopita. Nilikuwa ukumbini napangusa vumbi kwenye picha yake. Bi alishuka ngazi akiwa bado na mkeka wa kusalia mkononi, akasimama nyuma yangu, akamtazama usoni mle pichani kwa muda mrefu. Niliogopa kugeuka.

"Leo nimemsamehe," alisema.

Nikamwambia Mungu amlipe kwa wema huo.

"Nimesema leo," alisema. "Kesho sijui. Nikiamka na hasira nitakwambia, nawe usinune."

Nikamwambia sitanuna. Akanipa mkeka niukunje, akaenda kukaa karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa kutosha kutunga sindano.